Hakufa Mtu Wala Punda

Tamiti alikuwa amepiga magoti chini ya ukuta wa ghala la Mfalme, anafagia vumbi kwa kitita cha makuti ya mtende. Punda wa mavuno walikuwa wamepita asubuhi, na gunia la ngano likipita halikosi kudondosha punje. Vumbi alilitia kwenye ungo, binti yake Sheri akapepeta. Mchanga ukaruka, mavi makavu ya punda yakabaki, na katikati ya mavi, ukiwa na macho makali, ngano. Kiganja kimoja kwa kutwa. Ukuta mzima ulikuwa na wanawake namna hiyo, wengine na watoto migongoni. Askari wa ghala waliwaruhusu, ila kila aliyemaliza alikung'uta nguo mbele yao, wakachukua walichopenda.

"Mama, hii ni punje au ni jino la panya?" Sheri aliuliza.

"Tia tu. Vyote vinasagika."

Sheri akacheka. Alikuwa amefika umri wa kuposwa, lakini alicheka bado kama mtoto, na hilo lilikuwa la baba yake, Nakhi. Nakhi alikuwa na kidole cha shahada kilichovunjwa na kamba ya kuvutia mawe kikaunga kombo, kimepinda kama ndoana. Kwa kidole hicho alimgonga Sheri kwenye paji la uso kila aliporudi kazini: "Hodi! Humu ndani kuna mtu?" Naye hujibu, "Hakuna mtu, wote wamekwenda shamba." Baada ya Nakhi kutorudi, Tamiti alijaribu mchezo huo mara moja. Sheri akamwambia hodi yake ni ya mtoza kodi.

Pabasi alikuja akiwa na kivuli chake mwenyewe, maana mtu alimfuata nyuma akimshikia mwavuli. Alikuwa karani wa Minhotep, Msimamizi Mkuu wa Nyumba ya Mfalme, na kila alipofika, habari njema ilikuwa imeshagawiwa kwingine.

"Nani hapa mke wa Nakhi mtoro?"

Nyungo zikatulia ukuta mzima.

"Mke wa Nakhi ni mimi," Tamiti alisema bila kuinuka. "Lakini mume wangu si mtoro, bwana karani. Mume wangu amekufa."

"Amekufa wapi?"

"Machimboni. Jiwe lilikata kamba kwenye mteremko likampitia kifuani. Hori mchonga mawe, aliyebaki kule, ndiye aliyemfukia, akatuma habari kwa watu wa punda wa maji."

"Hori ni karani?"

"Hapana."

"Ana muhuri?"

"Ana mikono, bwana. Ndiyo aliyofukia nayo."

Mwanamke mmoja aliguna kicheko, akakimeza. Pabasi hakukasirika. Alikuwa mtu aliyezoea kusema na watu kama anayepanga vyungu.

"Sikia, mama. Msafara wa machimbo ulikwenda, ukarudi, na Bwana Mkubwa akasimama mbele ya Mfalme akatoa taarifa: hakufa mtu wala punda. Maneno hayo yamechongwa kwenye mwamba, yatakaa kuliko mimi na wewe. Sasa, Nakhi hakurudi. Na hakufa. Ametoroka. Mtoro akikosekana, nyumba yake inajaza pengo lake. Siku ya Dirisha, Mfalme atakapotokea dirishani mbele ya watu, binti yako ataingia nyumba ya kufumia."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka baba yake arudi."

Nyumba ya kufumia ilikuwa nyuma ya ghala, mlango wake mfupi, madirisha yake juu kabisa karibu na dari. Wasichana walikaa humo wamejikunja juu ya mitambo, magoti yamegusana na vifua. Waliotoka walitoka wamebebwa.

"Bwana karani," Tamiti alisema, "nikithibitisha kwamba amekufa?"

"Thibitisha," alisema Pabasi, akaondoka na kivuli chake.

*

Kwa Msimamizi Mkuu huendi tu ukasema. Kwanza unayataja majina yake, yote, kwa mpangilio, na mlinzi wa mlango anasikiliza kwa fimbo. Ukikosea unarudi mwisho wa foleni, na foleni inaanzia kwenye kisima. Tamiti aliyajifunza kwa mzee mmoja aliyekuwa amerudishwa mara nyingi hata akayajua kuliko mlinzi. Ilipofika zamu yake aliyamwaga bila kuvuta pumzi: Rafiki wa Pekee wa Mfalme, Macho ya Mfalme Kusini, Masikio ya Mfalme Kaskazini, Mkuu wa Maghala Mawili, Mpepeaji wa Mkono wa Kuume wa Mfalme, Msimamizi Mkuu wa Nyumba.

"Umeruka kiatu," mlinzi alisema.

"Nimeruka nini?"

"Mbeba Viatu vya Mfalme. Tangu mwezi uliopita."

Alirudi kisimani. Aliingia siku nyingine.

Minhotep alikuwa amekaa chini ya paa la nguzo, miguu yake ndani ya beseni, ua la yungiyungi puani. Ua lile hakulitoa muda wote, maana watu walinuka. Hakuwa mkali. Wote waliomwona husema hivyo hata leo: hakuwahi kupaza sauti. Ng'ambo ya Mto, wakati uleule, mafundi walikuwa wakichonga mlangoni mwa kaburi lake kwamba alimlisha mwenye njaa, alimvika aliye uchi, na kwamba mjane hakulia katika siku zake.

"Sema, mama yangu."

Tamiti alisema. Alisema kamba, alisema mteremko, alisema Hori. Minhotep alimsikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Unaona taabu niliyo nayo? Mimi nimemwambia Mfalme hakufa mtu. Wewe unaniambia amekufa mtu. Mmoja wetu anamdanganya Mfalme. Ni mimi?"

"Sikusema hivyo, bwana mkubwa."

"Basi ni wewe?"

Tamiti alitazama maji ndani ya beseni. Yalikuwa maji safi, na alikuwa na kiu.

"Labda, bwana mkubwa, ni watu waliokuletea habari."

"Ah." Minhotep akatabasamu, akamgeukia Pabasi. "Ana akili. Haya, mama, nisiseme kwamba sikukupa njia. Mtu akifa anaacha mwili. Niletee mwili wa Nakhi, nami nitamwandika miongoni mwa wafu, na binti yako atabaki kwako."

"Machimbo yako mbali, bwana. Jangwani. Sina punda, sina watu. Mwili mzima nitaubeba vipi?"

"Hilo nalo kweli."

Pabasi akainama, akasema kwa sauti ya mzaha iliyosikika na wote: "Alete mkono basi. Si ndivyo jeshi linavyohesabu maadui waliouawa kule Kushi?"

Watu waliokuwa wakisubiri walishtuka. Mkono wa kuume hukatwa adui, ili azikwe nusu mtu, asimame mbele ya Osiri, hakimu wa wafu, akiwa hana cha kuinulia kiapo. Maiti ya mtu wa nchi haikatwi. Hata mwizi aliyenyongwa hushonewa sanda na mama yake, akazikwa mzima.

Tamiti alingoja Minhotep amkemee karani wake. Minhotep alinusa ua.

"Mkono utatosha," alisema. "Mmesikia wote. Nimesema mkono utatosha."

*

Alikwenda na punda waliopeleka maji machimboni. Mkuu wa msafara alimkubali kwa sharti kwamba atashusha na kupandisha viriba kama mwanamume, naye alifanya hivyo mpaka ngozi ya mabega ikachubuka. Sheri alimwacha kwa jirani. Kwenye kifua, chini ya nguo, alifunga utepe mrefu wa kitani safi, uliobaki kwenye shuka lake la harusi. Hakumwambia mtu ni wa nini.

Hori alikuwa amekonda hata hakumtambua mpaka alipomwita.

"Shemeji! Umefuata nini kwenye tanuru hili?"

Alimweleza. Hori alikaa chini. Nyuma yake mwamba mweusi ulikuwa umesuguliwa ukang'aa, na juu yake safu za maandishi mapya, meupe kama mfupa.

"Unaona haya?" Hori alisema. "Nimeyachonga mimi. Mimi sijui kusoma, shemeji, wanakuchorea kwa wino mwekundu, wewe unafuata na patasi. Siku nilipomaliza Pabasi akatusomea, tusikie sifa za Bwana Mkubwa. 'Nilikwenda na jeshi la wachimbaji nikarudi nalo, hakufa mtu wala punda.' Nilikuwa bado nina udongo wa Nakhi kwenye kucha."

"Ulisema nini?"

"Nilisema ahsante. Waligawa bia siku ile."

Alimpeleka nyuma ya kilima. Hakukuwa na makaburi, kulikuwa na vichuguu vya mchanga na jiwe moja moja juu yake, vingi, vimeenda hadi bonde linapopinda. Punda walikuwa upande wao. Hori alijua kila kichuguu. Huyu wa kijiji cha chini, huyu alikufa kwa kiu, hawa wawili ndugu, huyu alikuwa anaimba.

"Wote hawa ni watoro?" Tamiti aliuliza.

"Wote. Nchi nzima imetoroka, na haijafika popote."

Walifukua kwa mikono. Mchanga wa jangwa hauozeshi, unakausha tu, na Nakhi alikuwa amekauka kama samaki, ngozi imeshika mifupa, nywele zake zote zipo. Kifua kilikuwa kimeingia ndani. Kidole cha shahada cha mkono wa kuume kilikuwa kimepinda vilevile.

Hori alivuta patasi yake kiunoni, kisha akairudisha.

"Shaba hii wanaipima kila jioni, ikipungua napigwa. Na hata isingepimwa, shemeji, siwezi. Nilimfukia mzima. Ataniona kule nitakakokwenda."

"Nipe jiwe."

Alimpa kipande cha gumegume chenye makali, akaenda kusimama mbali akiwapa mgongo.

Tamiti aliushika mkono ule. Ulikuwa mwepesi. "Nakhi," alisema, "ni mimi. Nauazima. Nitawaonyesha, wataandika, kisha nitaurudisha hapahapa niufunge kwa kitani, nimekuja nacho, tazama. Usiende popote kabla sijarudi. Ukiitwa kule waambie wangoje. Waambie mkono wako una kazi ya Sheri."

Kukata kulichukua muda mrefu kuliko alivyodhani. Gumegume lilipokwama kwenye kiungo alilazimika kukanyaga kiwiko. Alipomaliza aliuviringisha mkono kwenye kitambaa chake cha kichwani, akamfukia Nakhi upya.

*

Alirudi mjini asubuhi ya Siku ya Dirisha yenyewe. Ngoma zilikuwa zimeshaanza. Alimkuta jirani mlangoni ameshika kichwa: walikuwa wamemchukua Sheri alfajiri, wamemwogesha, wamemvika nguo mpya kama wafumaji wengine, maana Mfalme akichungulia dirishani apende anachokiona.

Tamiti alikimbia. Kwenye ua wa pembeni, kabla ya uwanja wa Dirisha, Minhotep alikuwa akivikwa wigi lake na watumishi. Kando yake alisimama nahodha kijana wa jeshi, mpwa wake, aliyerudi juzi kutoka vitani Kushi, uso umemkunjamana. Kikapu kikubwa kilikuwa miguuni mwake, kimefunikwa mkeka, na nzi.

Majina ya Msimamizi Mkuu aliyataja akihema, na kiatu hakukisahau. Kisha akafungua kitambaa.

Minhotep alitazama. Aliinua ua likaziba pua na mdomo.

"Nini hii?"

"Mkono wa Nakhi mume wangu, bwana mkubwa. Ulisema utatosha. Kidole hiki hapa, jirani zangu wote wanakijua, kilivunjwa na kamba yako, kamba ya Mfalme. Waite. Mwite yeyote mtaa wa ghala."

"Umeukata wewe?"

"Mimi."

"Umefukua maiti ya mtu wa nchi hii ukaikata?"

Wigi lilikuwa limekaa upande. Mtumishi hakuthubutu kulinyoosha.

"Bwana mkubwa, wewe ndiye…"

"Karani wangu alitania, mama. Watu walicheka. Unajua sheria ya anayekata maiti?"

"Pua na masikio," Pabasi alisaidia.

"Pua na masikio. Basi nakuuliza tena, na ufikiri kabla ya kujibu, maana sipendi kuumiza watu siku ya sikukuu. Huu ni mkono wa mumeo?"

Alikuwa amempa mlango. Tamiti aliuona. Angesema hapana, angetoka pale na uso wake mzima. Ngoma zilikuwa zikilia nyuma ya ukuta, na mahali fulani kwenye kelele ile Sheri alikuwa amesimama na nguo isiyo yake.

"Ndiyo," alisema. "Ni wa mume wangu, nimeukata mimi, kwa hiyo amekufa. Kata pua. Kata na masikio, bwana mkubwa. Kisha andika jina lake kwa wafu, nipe mtoto wangu."

Pengine Minhotep hakuwa amewahi kujibiwa hivyo. Kumkata mwanamke huyu ni kukubali kwamba mkono una mwenyewe, na mwenyewe akiwa amekufa machimboni, kesho ukuta mzima wa ghala utakuwa njiani kwenda jangwani na mawe ya gumegume.

Nahodha alikohoa. "Mjomba. Wakati unakwenda. Na mimi bado sijafikisha."

"Hujafikisha nini?"

"Idadi ya mikono niliyokwisha kusema kwamba nimeileta."

Pabasi alitazama kikapu. Alitazama kitambaa mikononi mwa Tamiti. Akainama kwenye sikio la bwana wake, na safari hii hakusema kwa sauti ya kusikika.

Uso wa Minhotep ukalegea polepole, ukawa ule uso mwema uliochongwa kaburini.

"Mama yangu," alisema, "huzuni imekuchanganya. Umetembea jangwani juani bila kula, umeokota kitu. Huu si mkono wa mtu wa nchi hii. Tazama ulivyo mweusi, ulivyokauka. Huu ni mkono wa adui."

"Bwana mkubwa, kidole…"

"Adui pia wana vidole. Kwa hiyo hukukata mtu wetu. Kwa hiyo huna kosa. Nenda, nimekusamehe." Akanyoosha wigi mwenyewe. "Mmeona wote nimemsamehe."

Pabasi alichukua kitambaa kwa ncha za vidole, akainua mkeka, akakikung'uta, mkono ukaangukia kikapuni. Nahodha alihesabu kwa midomo, akacheka kama mtu aliyevuliwa mzigo.

Tamiti alirukia kikapu. Askari walimtoa, si kwa kupiga, siku ya sikukuu hapigwi mtu. Walimbeba tu mpaka uwanjani wakamwacha katikati ya umati.

Dirishani Mfalme alikuwa kitu kidogo chenye dhahabu. Mpiga mbiu alitangaza jina la nahodha na ushujaa wake. Kisha kikapu kikapitishwa mbele ya watu, kama kila mwaka, na mwanajeshi mmoja anachukua mkono mmoja mmoja, anauinua juu, na watu wanautemea mate. Wanaanza walio mstari wa mbele, ndio wanaoonekana. Asiyetema anamwonea adui huruma.

Mstari wa mbele mwaka ule walikuwa wafumaji wapya, weupe kwa kitani. Msimamizi wao, mwanamke mwenye fimbo, alitembea nyuma yao akiwatazama midomo.

Tamiti alipenya, akakwama kwenye migongo. Aliuona mkono ukitolewa. Aliujua kabla haujainuka. Mwanajeshi aliushika kwenye kifundo, akaupeleka msichana hadi msichana, pth, pth, mpaka ukafika mbele ya Sheri, na kwa kuwa mwanajeshi alikuwa mfupi haukumpita kichwani kama wengine. Ulisimama usawa wa paji la uso. Kidole kilichopinda kilikuwa kimebakisha nafasi ndogo tu kumgusa.

Sheri alikitazama. Mdomo wake ulifunguka.

"Tema," alisema mwanamke mwenye fimbo.

Umati ulikuwa ukishangilia dhahabu aliyorushiwa nahodha kutoka dirishani. Tamiti aliita, sauti ikamezwa. Alikuwa ameutoa ule utepe wa kitani kifuani, ameushika juu ya vichwa vya watu, na aliyekuwa mbele yake, akidhani ni bendera ya sikukuu, aligeuka akamwambia kwa furaha, "Pepea, mama! Pepea, Mfalme anatazama huku!"

"We msichana," alisema mwanamke mwenye fimbo. "Tema."